Mama na Herufi Ndogo

Nina ugomvi wa siku nyingi na herufi kubwa. Ni kazi yangu. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili upande wa Gongoni, na kila muhula nasahihisha insha za wanafunzi wanaomwaga herufi kubwa popote mkono unapopenda, katikati ya neno, mwisho wa neno, kisha Malindi wanaianza kwa herufi ndogo kana kwamba ni jina la mboga. Sheria zenyewe si nyingi. Mwanzo wa sentensi, majina ya watu na ya mahali, siku na miezi, Mungu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzishika akitaka. Ndiyo maana nikiziona zimevunjwa napandwa na hasira, na kalamu yangu nyekundu haina huruma.

Basi mfikirieni mwalimu huyo siku aliyogundua kwamba mama yake mzazi hajui herufi ndogo.

Ilikuwa baada ya ibada, kanisani kwetu Kakuyuni. Baba alikuwa ameshafariki miezi kadhaa nyuma, na mzee wa kanisa alikuja kupanga nasi ibada ya ukumbusho wa kutimiza mwaka. Baba alikuwa msomaji wa kanisa tangu ujana wake. Kwetu msomaji akifa, siku ya ukumbusho husoma mtu wa nyumbani kwake, tena kutoka kwenye kitabu kile kile cha sala alichokuwa akikishika yeye. Husomwa sala ya jioni, kwa sababu ndiyo ya kufungia siku. Mzee akauliza nani atasoma, na watu wote wakanigeukia mimi, mwalimu. Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Nitasoma mimi."

Hakuna aliyeshtuka. Mama anauza kanga sokoni Malindi, na kila mtu amewahi kumsikia akiwasomea wateja. Akishika kanga ya harusi husoma kwa sauti ya vigelegele. Akishika ya mafumbo hushusha sauti, asije akasikia mke mwenza aliyesimama kibanda cha tatu. Mzee wa kanisa aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda zake.

Njiani, tulipofika kwenye mashamba ya mihogo ambako hapana watu, mama akasimama. Akaniambia kwamba yale maandishi ya kitabu hayajui. Anajua ya kanga.

Sikumwelewa. Nilidhani ni macho, kwa kuwa tangu utoto wetu alikuwa akitupa barua za shule na karatasi za hospitali tumsomee, akisema macho yanamsumbua. Tulipofika nyumbani nikampa kitabu cha baba. Akakifungua, akaweka kidole juu ya neno BWANA, akalisoma vizuri. Kisha kidole kikaruka mistari minne, kikatua juu ya BWANA nyingine. Juu ya ukurasa akasoma SALA YA JIONI bila kusita. Kilichobaki, yaani ukurasa mzima, alikipitishia kiganja kama mtu anayepangusa vumbi. "Haya madogo madogo," akasema, "sikuwahi kufunzwa."

Nilikaa chini. Baadaye, kichwa kilipotulia, nilitembea mjini Malindi nikijaribu kutazama kwa macho yake, na nikaona jambo ambalo mwalimu wa lugha nilipaswa kuliona zamani. Mtu anaweza kuishi mji huu miaka na miaka kwa herufi kubwa peke yake. Milangoni kumeandikwa DUKA LA DAWA na BUCHA NYAMA SAFI. Ukutani USIKOJOE HAPA, kwenye nguzo ya umeme HATARI. Malori ya chumvi yamechorwa dua na majigambo, yote kwa herufi kubwa. Misalaba ya saruji makaburini hivyo hivyo. Na kanga, ambazo ndizo zilizotulisha na kutusomesha, sijaona hata moja ambayo mchapaji ameweka herufi ndogo kwenye maneno yake.

Babu yangu hakupeleka wasichana shule. Mama alipokuwa kigori aliajiriwa na mwanamke mmoja wa mjini aliyekuwa na duka la kanga, kazi yake kukunja na kukunjua. Wateja waliuliza hii inasemaje, mwenye duka akawajibu, na mama akawa anatazama maneno huku anasikiliza. Baada ya muda akawa anajibu yeye. Hakuna aliyemwambia kwamba alichojifunza ni nusu ya kazi, na yeye hakuwa na kitabu cha kumwonyesha nusu ya pili, mpaka alipoolewa na msomaji wa kanisa.

Hapo ndipo hasira zangu zilipopata mtu. Baba alijua. Kila jioni kabla ya chakula alifungua kile kitabu akamsomea mama sala, sisi tukiwepo na hata tulipokwisha kuondoka nyumbani. Nilimuuliza mama kwa nini mtu aliyekuwa na sauti, kitabu na muda hakumfundisha. Akaniambia aliwahi kumwomba, mwanzo wa ndoa.

"Akanambia, 'Mimi nipo. Unataka kusoma ya nini?'"

Nilimkasirikia marehemu, sisemi uongo. Nilimkasirikia mbele ya picha yake iliyotundikwa ukutani. Ni maneno matamu hayo, lakini mwenye kuyasema alikuwa amelala chini ya saruji, na aliyeambiwa alikuwa amebaki na kitabu asichoweza kukifungua kikamfaa.

Nikatoa njia rahisi. Nikamwambia mama nitaichapa sala yote kwenye kompyuta ya shule kwa herufi kubwa, niibandike ndani ya kitabu, asome na hakuna atakayejua. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka kulipia doti moja aondoke na mbili.

"Sitaki cha kubandika," akasema. "Nataka kusoma alichokuwa akisoma yeye."

Haya. Kama ni ukaidi, mimi nimeurithi kwake, kwa hiyo tulikuwa wawili. Nikaapa kwamba siku ya ukumbusho atasimama mbele ya kanisa na atasoma, hata kama itabidi nilale sokoni.

Nilianza vibaya. Kila Jumamosi nilishuka kutoka Gongoni nikakaa naye kibandani, na kwa chaki ya fundi wa kushona nikamwandikia kwenye ubao wa meza jozi jozi, kubwa na ndogo yake, kama wanavyofanyiwa watoto wa chekechea. O na S hazikumsumbua, ni zile zile zimepungua mwili. Lakini A na a zilimuudhi. G na g zilimuudhi zaidi. Aliuliza nani aliyeamua kwamba hizi ni mama na mwana wakati hazifanani hata kidogo, nami nikamjibu jibu la walimu wote waliochoka, kwamba ndivyo ilivyo, ashike tu. Akafuta ubao kwa kiganja akaenda kuhudumia mteja. Jumamosi iliyofuata hakukuwa na chaki. Alisema imepotea.

Nikiwa kwenye bodaboda kurudi Gongoni, nina hasira na chaki, na baba, na mchapaji wa kwanza wa dunia, nikakumbuka somo moja la chuoni ambalo nililisoma kwa ajili ya mtihani nikaliacha. Swali la mama lilikuwa na jibu.

Nilirudi na chaki yangu mwenyewe. Nikamwambia kwamba hapo kale, Warumi walipoandika juu ya mawe, hapakuwa na herufi ndogo duniani. Walichonga kwa patasi, na patasi hupenda mstari ulionyooka, kwa hiyo herufi zao zilisimama wima kama hizi za kanga. Kwa muda mrefu sana ndizo zilizokuwepo. Kisha watu wakaandika zaidi na zaidi kwa kalamu, juu ya ngozi, na ngozi ni ghali, na mkono unachoka. Wakaharakisha, wakabana, wakaacha kuinua kalamu. Herufi zikajikunja, zikapoteza pembe, na zile zilizokunjwa na haraka ndizo tunazoziita ndogo. Hawakuzitupa zile za zamani. Waliziweka mbele, mwanzo wa habari na kwenye majina, mahali pa heshima.

Mama akapitisha kidole juu ya maneno ya kanga moja. Kisha akasema, "Kwa hivyo zangu ndizo za kwanza."

Nikamwambia ndizo. Nikampa chaki nikamwambia aandike B. Akaiandika vizuri. Nikamwambia aiandike tena upesi, na tena, asiinue mkono, kama mteja anamngoja na gari lake linaondoka. Akaandika, akaandika. Tumbo la juu la B likaanza kusinyaa, na mwisho akawa hana wakati nalo, akaliacha. Iliyobaki ubaoni ilikuwa b. Akaitazama kwa muda, akafungua kitabu cha baba kuitafuta, akaiona, akaiona nyingine, akacheka peke yake.

Tukaendelea hivyo. R tuliiharakisha mpaka mguu wake ukakatika. H ikapoteza nusu ya nguzo ya kulia. E ikajikunja yenyewe mikononi mwake bila mimi kusema neno. N na M zikaviringika mabega. G ilitushinda wote wawili, nikamwambia hii imeze hivyo hivyo kama dawa, naye akakubali kwa sababu nyingine zote zilikuwa zimempa maelezo.

Jirani yake wa kibanda, mama mmoja wa Mambrui ambaye ukoo wake ulitoka Lamu, alikuwa akituangalia akitafuna ubuyu. Yeye alijifunza herufi za Kiarabu chuoni, kwenye madrasa, akiwa mdogo, na hadi leo humwandikia dada yake Kiswahili kwa herufi hizo. Alisema kanga za bibi yake zilikuwa na maandishi ya Kiarabu, na kwamba huko hakuna kubwa wala ndogo. Jina la mfalme na jina la punda kimo chao kimoja, na hakuna aliyewahi kumtwika mfalme mzigo wa kuni mgongoni. Alinitania kwamba sisi walimu tunapenda vyeo hata kwenye karatasi.

Lakini mama alizipenda sheria. Alipenda hasa ile ya majina. Alisema ni jambo la adabu, mtu akitajwa asimame. Akawa akifungua ukurasa anaanza kwanza kuwatafuta waliosimama, kisha ndipo anarudi kwa wengine. Tuligombana kidogo juu ya neno mama lenyewe, ambalo katikati ya sentensi huandikwa kwa herufi ndogo. Hakuridhika na maelezo yangu na hajaridhika mpaka leo.

Kulikuwa na hatari moja nikaigundua mapema. Sala ya jioni aliijua kwa moyo. Ukimpa ukurasa ule alikuwa akiitiririsha huku macho yakiangalia mlango. Kwa hiyo nilimkataza kuugusa. Tulisoma sala ya wasafiri, sala ya mavuno, sala ya wagonjwa, maneno ambayo hakuwahi kuyashika, silabi kwa silabi, jasho likimtoka. Mimi si mpole. Nilimrudisha nyuma kila aliporuka. Siku moja alinitupia mkoba wa chenji. Siku nyingine nilimwacha na neno moja refu nikaenda kununua maji, nikarudi nikamkuta bado yuko nalo, kidole hakijaondoka, na mteja amesimama anangoja. Alilisoma, ndipo akamuuliza mteja anataka nini.

Likizo ilipofika, ukumbusho ukiwa umekaribia, nilimwambia sasa afungue sala ya jioni. Tulikuwa kibandani, saa za baada ya chakula ambapo soko huwa limepoa. Alikifuta kitabu kwa ncha ya leso. Nilitegemea aanze juu, na hakuanza juu. Alipitisha kidole upesi upesi ukurasani, akisimama kwenye kila herufi kubwa. BWANA. Mungu. Utulinde. BWANA. Akafika chini, akageuza ukurasa, akageuza tena nyuma. Akaanza upya, polepole zaidi.

Nilimuuliza anatafuta nini.

"Jina langu," akasema.

Nikamuuliza jina lake gani. Akanieleza kwa subira, kama mimi ndiye nisiyejua kusoma, kwamba katika sala hii jina lake limo. Baba alikuwa akilisoma kila jioni, baada ya maneno ya kuomba ulinzi, jina la ubatizo na jina la ukoo, yote mawili. Ndipo nikakumbuka. Nililisikia utoto wangu wote, na sikuwahi kujiuliza. Nikachukua kitabu. Kumeandikwa, "Utulinde sisi watumishi wako." Basi. Hakuna jina la mtu yeyote, wala nafasi ya kuliweka.

Nilimwambia. Sikujua namna ya kulisema kwa upole, nikalisema lilivyo. Alitaka nimwonyeshe mahali penyewe, nikamwonyesha, akasoma mwenyewe, kila neno, herufi ndogo moja baada ya nyingine. Alisoma bila kosa hata moja. Sijawahi kuumia hivyo kwa mwanafunzi kusoma vizuri.

Jirani alijaribu kumchekesha. "Shoga, ulitaka waliochapa kitabu wakujue wewe wa Kakuyuni?" akamwambia. Mama hakucheka. Alifunga kitabu, akakunja kanga zilizokuwa zimeshakunjwa, na tulipofika nyumbani akaniambia nitasoma mimi siku ya ukumbusho. Alisema amekaa miaka yote hiyo akijiona ameandikwa ndani ya kitabu cha Mungu, kumbe alikuwa akidanganywa na mumewe mezani kwake mwenyewe. Alisema heri asingejifunza.

Nilitaka kumtetea baba na nilitaka kumtukana, vyote kwa pamoja. Nikamwambia jambo moja tu, na nililisema kwa ukali. Nikasema mimi sisomi. Yeye ndiye aliyesema mbele ya watu atasoma, na kama hatasoma, baba atakumbukwa kwa kimya. Nikatoka nikaenda kukaa nje na kuku. Nililia huko, na sikutaka anione.

Siku mbili hatukuzungumza ila mambo ya chumvi na kuni. Siku ya tatu asubuhi alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele kwenye ungo. Akasema bila kuinua kichwa, "Hata siku tulizogombana alilitaja."

Nikaacha mchele.

"Kuna wakati tulinuniana mwezi mzima, wewe hujazaliwa. Hali nami, hanisemeshi. Jioni ikifika anafungua kitabu, analitaja. Mimi nikisema moyoni, atafanyaje na limeandikwa. Nikidhani hana budi."

Akaendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha, mbuzi inakwaruza kifuu, naye hakuona. Nilichokuwa nacho ni hasira ya miezi mingi, na nilihisi inanitoka, na sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Siku ya ukumbusho kanisa lilijaa. Jirani wa Mambrui alikuja na wanawe, wakakaa kwa nje, kivulini. Mama alivaa doti mpya, na kitabu cha baba alikishika kwa mikono miwili. Alipoitwa, alitembea mpaka mbele, akafungua, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Watu walizoea kumsikia akisoma kanga kwa mbwembwe, na sasa walimsikia akisoma kama mtu anayevuka mto kwa miguu. Neno, kisha neno. Mahali pamoja alikwama. Kikawa kimya kirefu, watoto wakaanza kugeuka, na mzee wa kanisa, ambaye alikuwa akifuata kwenye nakala yake, akamnong'oneza neno lenyewe. Mama akamwinulia kiganja. Alingoja mpaka neno likamjia mwenyewe, akalisoma, akasonga mbele.

Macho yake hayakutoka ukurasani. Nilimwangalia, maana nilikuwa najua anaijua sala ile kwa moyo na angeweza kuimaliza kwa pumzi mbili. Hakuimaliza hivyo. Akafika pale. Akasoma, "Utulinde sisi watumishi wako," kama palivyoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza. Akasimama, akavuta pumzi. Kisha, kidole kikiwa pale pale, akataja jina la baba, la ubatizo na la ukoo, yote mawili.

Mzee wa kanisa aliinamia nakala yake kutafuta yalipo maneno hayo. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi. Mama hakumngoja. Alikwisha kuanza mstari unaofuata.